Wananijadili Mbele Yangu

Kwa ambaye hakunisoma wiki jana, naitwa Damaris. Nilikuwa karani wa mahakama katika mji mmoja wa bara, kabla sijaja Dubai kukaa nyuma ya meza ya mapokezi ya hoteli na kuwachekea wageni. Nilisimulia jinsi hakimu wetu mkuu, Aloysius Kirindo, alivyoniita ofisini kwake jioni wenzangu wakiwa wametoka, akafunga mlango, ufunguo akautia mfukoni. Nilisimulia na dirisha. Niliruka kutoka ghorofani, mkono wa kushoto ukavunjika, ukaunga vibaya, na mpaka leo umepinda.

Dereva wake, Samuel, ndiye aliyeniokota kwenye maua akanikimbiza hospitali. Muuguzi aliponiuliza nimefanyaje, Samuel alikuwa amesimama ubavuni pangu. Nikasema nimeteleza ngazini.

Kabla plasta haijatolewa, nilikuwa sina kazi.

Sasa Kirindo ni jaji, na ameteuliwa kuingia mahakama ya juu kabisa nchini kwetu. Mwanamke mmoja alijitokeza akasema aliyotendewa naye. Nami, kupitia wakili wa Nairobi anayeitwa Pauline, nikapeleka taarifa ya kiapo kwa kamati inayomsaili. Pauline aliniahidi jina langu halitatajwa. Ningeitwa Shahidi wa Pili, basi.

Nilimwamini. Hapo ndipo niliishia.

Sasa sikieni yaliyofuata.

Ninakaa Dubai Investments Park, kwenye jengo la wafanyakazi, wanawake watatu chumba kimoja. Mimi, Everlyn na Kulusumu. Everlyn ni Mkenya mwenzangu, anasafisha vyumba hoteli hiyo hiyo ninayofanya kazi. Kulusumu ni Mganda, mlinzi wa jengo la ofisi kule Silicon Oasis. Jiko liko chini, na linatumiwa na jengo zima, wanaume kwa wanawake.

Asubuhi hiyo wengi tulikuwa wa zamu ya jioni. Nilikuwa nasonga ugali. Tonny, Mkenya anayelinda ghala la jirani, alikuwa ameegemeza simu yake kwenye mkebe wa chumvi, sauti juu. Kikao cha kamati kilikuwa kinarushwa moja kwa moja.

"Lakini huyu Shahidi wa Pili ni nani?" Tonny akauliza. "Mtu hana jina, hana sura. Hata mimi naweza kuwa Shahidi wa Pili!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka.

"Wanasema yuko ng'ambo," mtu akadakia.

"Si ndiyo! Ametumwa huyo. Kuna watu wanataka hicho kiti. Wacha niwaambie, dem akifanyiwa kitu kama hicho anapiga nduru siku hiyo hiyo. Hangoji mpaka jamaa ateuliwe."

"Apige nduru kwa nani?" Kulusumu akauliza bila kuinua macho. Alikuwa anamenya matoke. "Anayeshtakiwa ndiye hakimu. Korti ni yake, askari ni wake. Nduru ataipeleka wapi, ssebo, bwana wangu?"

"Kulusumu, huyo jaji si wa kwenu." Everlyn ndiye aliyesema, na sauti yake ilikuwa kali hata Tonny akageuka. "Sisi tunamjua. Kaka yangu alisingiziwa wizi wa mabavu. Angeozea jela. Kirindo akautazama ule ushahidi, akaona ni wa uongo, akamwachilia. Hakutuitisha chochote. Mtu kama huyo ndiye mnampaka matope? Huyo mwanamke ni mwongo, na Mungu anamwona."

Nilikaza macho kwenye sufuria. Nilihisi wote wananitazama, ingawa hakuna aliyekuwa ananitazama.

Kwenye simu, wakili wa jaji akasimama. Alikuwa mtu wa sauti nyororo, anayetabasamu kabla ya kila neno.

"Waheshimiwa, nisikilizeni vizuri. Shahidi wa Pili anasema aliruka dirishani akavunjika mkono wa kushoto. Lakini hospitali aliandikisha kwamba ameteleza ngazini. Kwa kinywa chake mwenyewe! Sasa, alidanganya wakati ule, au anadanganya leo? Achague mwenyewe. Vyovyote vile, tuko na mtu anayedanganya."

"Amemmaliza!" Tonny akapiga meza. "Khalas, kesi imeisha!"

Nilikuwa nimeshika mwiko kwa mkono wa kulia, na wa kushoto, ule uliopinda, umeshikilia sufuria. Nikainua macho.

Kulusumu alikuwa ameacha kumenya. Alikuwa anautazama mkono wangu.

Nikauvuta nyuma ya leso. Sufuria ikateleza, ugali ukamwagika nusu juu ya jiko.

"Damaris, una nini leo?" Everlyn akauliza.

"Joto," nikasema. "Kichwa kinazunguka."

Nilipanda ngazi mbio. Kulusumu akanifuata. Alinikuta nimekaa kitandani, akafunga mlango, na kitasa kilipolia, mwili wangu wote ukaruka. Aliona.

Akaufungua tena. Akauacha wazi kidogo.

"Nyabo, dada," akasema polepole, "sitauliza kitu. Ukitaka kusema utasema. Lakini uvae mikono mirefu."

Sikulia. Nilikuwa naogopa mno hata machozi hayakupata njia.

Kabla sijatoka kwenda kazini, Pauline alipiga simu.

"Damaris, uko peke yako? Kaa chini. Shahidi wa Kwanza amejiondoa."

"Amejiondoa vipi?"

"Ameandikia kamati kwamba alikosea. Hashiki simu. Mumewe naye hashiki. Nimekwenda mpaka kwake, wamehama."

"Wamehama wakaenda wapi?"

"Sijui, dada. Hakuna anayejua." Nilimsikia akivuta pumzi. "Na sasa wakili wa jaji anataka taarifa yako itupwe kwa sababu haina mwenyewe. Kamati imekubali kukusikiliza kwa video keshokutwa. Lakini kwa jina na sura. Usipotokea, imekwisha. Anaapishwa."

"Uliniahidi, Pauline."

"Nilikuahidi, na nimepigana. Nimeshindwa. Nisamehe."

Msomaji, mpaka dakika hiyo nilikuwa mtu wa kujificha nyuma ya mtu mwingine. Sasa huyo wa mbele yangu alikuwa ametoweka na mumewe, nami nimebaki uwanjani.

Basi la kampuni lilitushusha Al Jaddaf, hotelini. Sikuwa hata nimevaa beji, Madam Rawan akaniita. Ni Mlebanoni, meneja wetu, mwanamke anayetembea haraka na kuongea haraka.

"Damaris, una ndugu anaitwa Samuel?"

Niliibana beji kifuani kwanza.

"Kwa nini, madam?"

"Ni mgeni wetu. Ameingia jana. Anawauliza watu visa yako ni ya nani, mkataba wako unaisha lini, una marafiki gani. Ndugu gani anauliza maswali kama hayo?"

"Sijui, madam."

"Na mimi sitaki kujua. Wewe ni mfanyakazi mzuri, habibti. Lakini kama una tatizo, limalizie nje. Polisi wakija kwenye mapokezi yangu, khalas, mimi sitaweza kukusaidia. Umenielewa?"

"Ndiyo, madam."

"Yalla, anakusubiri pale. Usikawie."

Alikuwa amekaa kwenye kochi karibu na dirisha, kikombe cha kahawa mbele yake. Amenenepa. Dereva niliyemjua alivaa shati la kola iliyochakaa. Huyu alivaa suti, na viatu vyake viling'aa kuliko sakafu yetu.

"Damaris, dada yangu," akasema, akasimama kunisalimia kama tuliokutana kanisani. "Umependeza. Dubai imekukubali."

"Unataka nini, Samuel?"

"Kaa kwanza."

"Siruhusiwi kukaa na wageni."

"Basi nitasema ukiwa umesimama." Akatoa karatasi kwenye mkoba. "Mzee hana ubaya na wewe. Anaelewa una maisha magumu. Hii inasema ulimfananisha na mtu mwingine. Hatujaandika kwamba ulidanganya, nimekataa mimi mwenyewe hilo neno lisiwekwe. Unatia sahihi, maisha yanaendelea."

"Wewe ndiye uliniokota kwenye maua."

Akatazama viatu vyake.

"Mimi niliokota mtu aliyeteleza ngazini," akasema. "Ndivyo ulivyosema mwenyewe. Nilikuwepo."

Nilitaka kumrushia ile kahawa. Lakini wageni wengine walikuwa wanapita na masanduku yao.

"Nisipotia sahihi?"

"Hapa si nyumbani, Damaris. Hapa ukimchafua mtu mtandaoni ni kesi. Nina wakili hapa hapa Dubai. Malalamiko tayari, bado kupelekwa tu. Ukishashtakiwa, hotelini hawakutaki. Hotelini wakikukataa, visa hakuna. Sasa hayo ni ya kwako wewe. Kuna ya mama."

"Mama amefanya nini?"

Alibonyeza simu yake, akangoja, akaniletea usoni.

Mama yangu ana kabambe, ile simu ya vitufe. Tangu niondoke nyumbani namsikia tu, sijawahi kumwona. Na hapo akatokea. Mama yangu, kwenye kiti chake, kitambaa cha kichwa kimekaa upande kama kawaida yake.

"Damaris! Yesu wangu, ni wewe? Umenenepa mwanangu!"

"Mama…"

"Wageni wako wamefika salama. Vijana wazuri wenye adabu. Wameniletea blanketi, nimewapikia chai." Aliyeshika simu akaigeuza kidogo, nikaona magoti ya wanaume wawili waliokaa kwenye kochi letu. "Wanasema umewatuma wawe wananitazama. Hata usiku wakipita wataangalia kama nimefunga mlango. Sasa sina wasiwasi tena."

Nilitabasamu. Nawaapia nilitabasamu, maana mama alikuwa ananiona.

"Vizuri, mama," nikasema. "Nitakupigia."

Samuel akairudisha simu mfukoni.

"Sikiliza," akasema, na safari hii hakuniita dada. "Sahihi kabla ya kikao."

Nakiri, kalamu niliishika. Niliinama kwenye ile meza ndogo nikaiweka ncha kwenye karatasi. Niliwaza, nani atanilaumu? Yule wa kwanza ameondoka. Mama yuko peke yake. Hata Tonny, ambaye hajui kwamba ni mimi, ameshanihukumu.

"Nani alikuambia niko hapa?" nikauliza.

"Nyumba unayokaa ina watu wenye macho. Mmoja alipiga simu akasema kuna Damaris ana mkono uliopinda."

Kulusumu.

Sijui kwa nini jina hilo ndilo lililonifanya niiachilie ile kalamu. Labda nilikuwa nimechoka kuogopa nikapata nafasi ya kukasirika.

"Nipe mpaka kesho," nikasema.

"Kesho," akasema. "Mama ana chai nzuri, wanasema."

Nilimwomba Madam Rawan ruhusa ya kwenda dukani. Nilitoka kwenye jua lile la mchana nikasimama nyuma ya hoteli, karibu na mapipa, nikampigia mama kwenye kabambe yake.

"Mama, hao watu bado wapo?"

"Wametoka sasa hivi."

"Funga mlango. Halafu kaa unisikilize mpaka mwisho."

Nikamwambia. Mama alikuwa anajua mkono wangu ulivunjika ngazini. Miaka yote hiyo alikuwa akimlaumu yule mfagizi wa mahakama kwa kutokausha maji. Nikamwambia kuhusu ufunguo, na dirisha, na karatasi ya Samuel, na magoti aliyoyaandalia chai.

Nikasikia kiti kikikwaruza sakafu.

"Mama?"

"Nipo." Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mwanamke nisiyemjua. "Kwa hiyo nimewapa kikombe chako. Yule mmoja amenywea kikombe chako, Damaris."

"Niko tayari kutia sahihi, mama. Nikitia sahihi watakuacha."

"Nani amekuambia? Watu wameshaijua njia ya kuja kwangu." Nikasikia akikokota kitu kizito, baadaye nikajua ni meza anaisukuma mlangoni. "Namwita mjomba wako na watoto wake, waje walale hapa. Na mwenyekiti wa kina mama nitamwambia kila kitu, jina kwa jina. Wakija tena watakuta kijiji kizima kinawangoja. Mimi naogopa, sikufichi. Lakini wewe usitie sahihi kwa ajili yangu. Umesikia? Usinibebeshe hilo."

Hapo ndipo machozi yalipopata njia.

Nilimwambia Madam Rawan naumwa, nikarudi Dubai Investments Park nikiwa na hasira ya kutafuta mtu. Kulusumu alikuwa kitandani anasuka nywele zake mwenyewe mbele ya kioo kidogo. Everlyn, ambaye siku hiyo hakuwa na zamu, alikuwa anapiga pasi.

"Umeniuza," nikamwambia Kulusumu.

Akageuka. "Nini?"

"Usijifanye. Uliutazama mkono wangu pale jikoni, ukanifuata huku ukaniambia nivae mikono mirefu. Kumbe unapiga simu. Wamekupa nini? Wako kwa mama yangu, Kulusumu! Wamekaa kwenye kochi la mama yangu!"

"Nyabo, mimi huyo jaji hata simjui. Simu yake ningeitoa wapi?"

"Muongo!"

Kulusumu akaacha kusuka. Alinitazama tu, macho yakajaa maji, na nikajua papo hapo nimemwonea. Mtu mwenye hatia angepiga kelele.

Harufu ya kitambaa kinachoungua ikajaa chumba. Pasi ilikuwa imetulia juu ya sare ya Everlyn, naye haitazami.

"Ni mimi," Everlyn akasema.

Kulusumu akaruka akaichomoa pasi.

"Ni mimi, Damaris. Na mimi mkono wako niliujua, na taarifa ya Shahidi wa Pili iliposomwa wiki iliyopita nikatambua. Nilimpigia wakili aliyekuwa na kesi ya kaka yangu, yeye akampigia Samuel. Nilidhani watakuja kukubembeleza. Kukusihi tu. Sikujua habari ya mama."

"Kwa sababu alimwachilia kaka yako," nikasema. "Kwa hiyo mimi ni mwongo."

"Hapana."

"Ulisema jikoni. Mungu ananiona, ulisema."

"Nilisema hivyo kwa sababu lazima uwe mwongo!" Alikuwa anapiga kelele sasa, na watu wa chumba cha pili wakagonga ukuta. "Wewe ukiwa unasema kweli, mimi nitakuwa nani? Unadhani kaka aliachiliwa kwa sababu ya ushahidi? Ushahidi gani? Karani wake mmoja, mwanamume, alinipigia akaniambia mheshimiwa ataniona jioni, nije peke yangu, tuzungumze habari za kaka. Na mlango akafunga hivyo hivyo, Damaris. Na ufunguo mfukoni hivyo hivyo."

Akakaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta.

"Wewe uliruka," akasema. "Mimi sikuruka. Kesho yake kaka akatoka."

Kulusumu akashuka akakaa upande wake mmoja, nami, sijui kama ni huruma au uchovu tu, nikakaa upande wa pili.

"Kaka yako anajua?" nikauliza.

"Hajui. Ana picha ya huyo mtu ukutani kwake. Mtoto wake amempa jina la Aloysius. Akijua atajifanyia kitu kibaya, nakuambia. Namjua kaka yangu."

Tulikaa hivyo mpaka chakula cha jioni kikatupita. Hatimaye Everlyn akanishika ule mkono uliopinda, akaupapasa pale mfupa ulipoungana vibaya.

"Keshokutwa unasema?" akaniuliza.

"Nasema."

"Basi sitakuacha peke yako."

Nilimkumbatia. Nilimsamehe hapo hapo, nikamwomba na Kulusumu msamaha, akasema hakuna neno. Siku iliyofuata Samuel alinipigia, sikushika. Alipiga tena na tena. Nikazima simu.

Siku ya kikao Kulusumu alinipeleka Silicon Oasis, kwenye jengo analolinda. Msimamizi wake, Mpalestina anayeitwa Raed, alitupa chumba kidogo cha mikutano. Hakuuliza sababu. Alituonyesha tu jinsi ya kuwasha skrini, akasema, "Yalla, bahati njema," akaondoka. Kulusumu alisimama nje ya mlango na sare yake ya ulinzi.

Everlyn alikuwa ameondoka kabla sijaamka. Nilipomtumia ujumbe alijibu neno moja: *Nakuja.*

Kwenye skrini nikaona ukumbi wa kamati. Nikamwona Jaji Kirindo kwenye safu ya mbele, mvi zimemzidi, miwani puani, ameshika Biblia. Miaka yote hii, na bado nilitazama kwanza mlango wa kile chumba uko wapi.

"Taja jina lako kamili," mwenyekiti akasema.

Nikalitaja. Nikainua mkono wangu wa kushoto kwa makosa, nikabadilisha, nikaapa. Nikasema yote, kuanzia jioni ile mpaka hospitali. Sauti ilikatika mara nyingi. Pauline, aliyekuwa kule ukumbini, alikuwa ananiashiria kwa kichwa niendelee.

Kisha wakili wa jaji akasimama na tabasamu lake.

"Bi Damaris, swali langu ni lile lile. Ulidanganya hospitali, au unadanganya leo?"

"Nilidanganya hospitali."

"Ahaa!"

"Dereva wake alikuwa amesimama karibu nami. Yeye ndiye alinipeleka. Muulizeni kwa nini dereva wa hakimu alikuwa chini ya dirisha la hakimu jioni ofisi zimefungwa. Kama ni ngazi, mbona aliniokota kwenye maua?"

Ukumbi ukavuma. Mwenyekiti akagonga meza. Kwa mara ya kwanza Jaji Kirindo akaivua miwani, akanitazama kupitia kamera, nami nikashikilia kiti kwa mikono yote miwili nisiinuke nikakimbia.

Lakini wakili hakutikisika. Alingoja kelele zitulie.

"Waheshimiwa, ni hadithi tamu. Kwa bahati njema tunaye mtu anayemjua huyu dada vizuri. Anakaa naye chumba kimoja. Ameomba mwenyewe kuja kumsemea Jaji Kirindo, aliyemtendea haki kaka yake. Yuko tayari kwa video. Naomba aletwe."

Skrini ikagawanyika. Upande wangu, mimi. Upande wa pili, Everlyn.

Alikuwa amevaa blauzi nyeupe niliyomwazima. Nyuma yake niliona pazia la rangi ya dhahabu, na pazia hilo nalijua, ni la vyumba vya hoteli yetu. Pembeni, nusu ndani na nusu nje ya picha, palikuwa na bega la suti.

"Kulusumu!" nikaita. Mlango ukafunguka, Kulusumu akaingia, akaona, akaweka mkono mdomoni.

Pale ukumbini Pauline alikuwa amesimama.

Everlyn akaapa. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa, tulivu kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Bi Everlyn," wakili akaanza, "unamfahamu Jaji Kirindo?"

"Namfahamu."

"Ni mtu wa namna gani? Iambie kamati kwa maneno yako mwenyewe."

Everlyn aliinamisha kichwa. Nikajaribu kusoma uso wake, nikashindwa. Nilikuwa nimelala karibu na mwanamke huyu tangu nije Dubai, na sikujua atafungua kinywa aseme nini.

Akainua macho.

"Kabla sijajibu," akasema, "naomba kujua kama kaka yangu anatazama."

Wakili akasita. Lile tabasamu likamganda.

"Dada, kikao hiki kinatazamwa na nchi nzima," mwenyekiti akamjibu.

Everlyn akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa alichokuwa anakijua. Akavuta pumzi.

Na pembeni yake nikauona mkono wa Samuel ukinyooka kuelekea kamera, kutaka kuizima.